Vidonge vya Manjano Pale Mferejini

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa Lodwar akiwa na mgongo wazi. Nasema hivyo moja kwa moja kwa sababu nimechoka na watu wanaolizungukazunguka neno hilo kana kwamba litawauma. Chini ya mgongo wake, karibu na kiuno, mfupa haukuwa umefungika wala ngozi haikuwa imefunika. Palikuwa na kifuko chekundu, chembamba kama utando wa yai, na miguu yake haikusogea. Uso wake ulikuwa mzuri. Alikuwa na paji la baba yake na vidole virefu vya kwetu, na alinyonya kwa nguvu, jambo lililonitia matumaini ambayo hakuna mtu mwingine aliyenipa.

Hatukuweza kumlaza chali. Alilala kifudifudi au ubavu maisha yake yote, nami nikajifunza kumbeba kifuani huku kiganja changu kikiwa mbali na kidonda. Maisha yake yote yalikuwa majuma machache tu. Kichwa kilianza kujaa maji, homa ikampanda, akafariki mikononi mwangu asubuhi moja, jua likiwa limeshakuwa kali na wanawake wakirudi kutoka mto Turkwel na maji. Wapo walionipa pole kwa kusema kwamba Mungu alimpenda zaidi. Niliwaitikia kwa adabu, ila moyoni niliwatukana.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya chakula. Ilikuwa miaka ya tisini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ingali changa, na malori yalipita barabara ile mchana kutwa. Aliona si vizuri nibaki Lodwar peke yangu nikitazama ukuta, akanipeleka kwa mama yake, nje kidogo ya mji wa Kakuma, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, na mbali na hema za kambi. Kule Lodwar majirani walikuwa wameshaanza kuniita kwa jina la mtoto. Baada ya mazishi walianza kuniita “Mama” na kukwama hapo, wakimeza mate. Kakuma hakuna aliyejisumbua hata kuanza.

Maneno yalikuwepo, lakini. Wengine walisema nilivuka kaburi. Wengine walisema ni kwa sababu ng'ombe wa ndoa yetu alikuwa bado hajachinjwa, na kweli alikuwa bado. Mama mkwe wangu hakusema lolote. Alitoa mbuzi achinjwe, akamwita mzee wa ukoo asome matumbo, kama inavyofanyika kwetu jambo linapowashinda watu. Mzee aliyatandaza, akayageuza kwa kijiti, akaeleza mvua itatokea upande gani na maadui wako upande gani. Kuhusu uzazi wangu alisema hakuona kitu kibaya. Wote walifurahi. Mimi nilikasirika. Mbuzi anayejua habari za mvua na za wezi wa mifugo, mbona asijue habari za mwanangu?

Nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka kiasi cha kushindwa kula: mtoto mwenye mgongo uliofungwa. Na kwa kadiri nilivyomtaka, ndivyo nilivyomwogopa. Mume wangu akirudi safarini nilijisingizia ugonjwa.

Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza sekondari, nesi mmoja wa kliniki ndogo pale mjini aliniomba niwe mkalimani wake. Alitoka Magharibi mwa Kenya, mwanamke mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, na Kiturkana alichokijua kilikuwa “ejok” na “ata”, yaani salamu na bibi. Siku moja kwa wiki waja wazito walikaa kwenye benchi, yeye akifundisha kwa Kiswahili nami nikigeuza kwa Kiturkana. Nilisema maneno ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kunyonyesha. Ilikuwa kazi rahisi, maana maneno yalikuwa yake, na mimi nilikuwa mdomo tu.

Ndipo siku moja alipoinua karatasi yenye picha ya mtoto aliyegeuzwa mgongo, na mstari umechorwa kuanzia shingoni hadi kiunoni.

“Mgongo wa mtoto unafungwa mwezi wa kwanza,” alisema. “Wakati huo mama mwenyewe hajajua kama ana mimba.”

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Wanawake walinitazama. Wote walijua niliyemzika. Nesi peke yake ndiye hakujua, kwa hiyo alidhani sikumsikia, akarudia. Nikayageuza maneno yake, neno baada ya neno, kwa sauti kavu. Akaendelea kusema kwamba kuna kitu mwilini kinachousaidia mgongo kufungika, kwamba kinapatikana kwenye mboga za majani na maharagwe, na kwamba kipo pia kwenye kidonge kidogo cha manjano kiitwacho foliki asidi, lakini ni lazima kiwe kimeshaingia mwilini kabla mimba haijatunga. Nikageuza hayo pia. Kisha nilitoka, nikaenda nyuma ya kliniki, nikaupiga ukuta kwa viganja mpaka vikaniwasha.

Niliporudi wanawake walikuwa wameondoka. Nilimuuliza nesi, na sikumuuliza kwa upole, kwa nini anawaambia wale. Matumbo yao yalikuwa yameshafika karibu na kidevu.

“Kwa sababu ndio hao wanakuja,” alijibu.

“Basi tunachelewa kila wiki,” nilimwambia.

Aliweka picha yake chini. Hakukasirika. Alisema ni kweli, na kwamba jambo hilo lilikuwa likimsumbua hata yeye, ila hakujua angewapata wapi wasio na mimba, maana mtu mzima wa afya anafuata nini kliniki? Kisha akaniuliza ni nini kilichonipata pale katikati ya somo, nikamweleza. Mwishowe alinipa vidonge vyangu mwenyewe, nianze mara moja nisingoje dalili yoyote, na akanipa tahadhari ambayo nilimheshimu kwayo.

“Hii haizuii yote, dada yangu,” alisema. “Inapunguza. Sitakudanganya.”

Kwa wasichana tulienda mferejini. Upande wa mji palikuwa na mfereji mmoja wa bomba uliotiririka vizuri, na kila asubuhi walijipanga pale na mitungi yao ya plastiki, shanga zimejaa shingoni, wakitaniana. Nesi aliwaambia habari za mgongo, nami nikageuza. Walisikiliza. Kwenye habari za mboga ndipo walipocheka. Ng'ambo ya laga, upande wa kambi, wanawake wa Sudan kusini walikuwa wakipanda mboga kwenye maji yanayomwagika chini ya mifereji ya kambi, vitalu vidogo vya kijani vilivyozungushiwa miiba, na nesi alitaka tuige. Msichana mmoja alisema majani ni chakula cha mbuzi, nasi tunamla mbuzi, kwa hiyo yote yameingia. Hata mimi nilicheka. Lakini nilinunua fungu moja la ile mboga yao wanayoiita kudra, nikampikia mume wangu, akala shingo upande.

Vidonge walivichukua. Tulidhani tumefaulu.

Hapo tulisahau jambo ambalo kila mtu wa pale analijua, na mimi sikuwa na udhuru wa kulisahau. Kwetu mimba haitangazwi. Mwanamke hutembea nayo mpaka macho ya watu yaione yenyewe, na hata yakiiona, midomo hunyamaza, maana kumtaja mtoto ambaye hajafika ni kumwitia mabaya. Na vile vidonge vilikuwa vimeonekana kwa watu wa aina moja tu, waja wazito wakitoka kliniki. Kwa hiyo kidonge hicho kilikuwa tangazo. Aliyekutwa nacho alikuwa amesema bila kusema.

Haukupita mwezi, baba mmoja alikuta vidonge vya manjano vimefungwa kwenye pembe ya shuka ya binti yake. Hakumuuliza. Alimtafuta kijana aliyekuwa akionekana naye ngomani, akaenda kwa wazazi wake kudai faini ya mifugo, kama inavyodaiwa msichana ambaye hajaolewa anapotiwa mimba. Kijana akakana. Msichana akakana. Wanaume wakaketi kwenye mchanga wa laga kuamua shauri hilo, na mimi na nesi tukaenda kujieleza.

Nilimweleza yule baba kwa heshima zote kwamba binti yake hana mimba, kwamba dawa hii humezwa kabla. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza ni mganga gani anayepaka dawa kidonda ambacho hakijatoka. Wenzake wakatikisa vichwa. Wakakata shauri wangoje tumbo lenyewe liseme. Nesi alirudi amenywea. Kufikia kesho yake, wasichana wote walikuwa wamevitupa vidonge vyao, na mbuzi walikuwa wakivinusanusa pale chini ya mfereji.

Mimi sikuvitupa, ila nilivificha. Nilikuwa mwanamke wa mtu na hakuna ambaye angetozwa faini, lakini sikutaka tumbo langu lichunguzwe kila asubuhi na macho ya ukoo mzima. Nilivitia ndani ya kopo langu la tumbaku. Kwa mtu aliyejiona mjanja, huo ulikuwa ujinga mtupu, kwani katika boma lile hakuna aliyependa tumbaku kuliko mama mkwe wangu.

Alilifungua mchana mmoja wakati tumbaku yake imekwisha. Nilimkuta amekaa kizingitini, kopo liko mapajani, kidonge kimoja kiko kiganjani mwake. Aliniuliza nina miezi mingapi. Nikamwambia sina hata mmoja. Uso wake ukabadilika, akasema kwa sauti ya chini kwamba basi ninafunga uzazi, ninamnyima mwanawe mtoto nikiwa ninakula chakula chake.

Ningeweza kumjibu kwa ukali, na ulimi wangu ulikuwa tayari. Lakini niliketi chini mbele yake, nikamweleza yote tangu ile picha ya mstari. Nilimweleza kwamba mgongo hufungwa wakati mama hajajua lolote. Nilimwambia kwamba sikuvuka kaburi la mtu. Nilimwambia kwamba nataka mtoto kuliko anavyomtaka yeye na mwanawe wakijumlishwa, ndiyo maana ninameza. Nililia nikisema hayo, na nilikasirika kwa kulia.

Hakusema pole. Alikigeuza kile kidonge kiganjani, kisha akaanza kusema, akiutazama mlima wa mbali na si mimi.

“Kabla ya mume wako kuzaliwa nilizaa mwingine,” alisema. “Tulikuwa tunahama na mifugo. Mgongo wake ulikuwa kama wa mwanao. Hakufika jioni. Wanawake waliniuliza wamlaze vipi shimoni, nikasema alazwe chali. Nilitaka ardhi imfunge pale palipokuwa wazi.”

Nilimuuliza kama mwanawe anajua. Akasema hakuna anayejua aliye hai isipokuwa yeye, na sasa mimi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiamini kwamba yeye ndiye aliyevuka kitu fulani safarini, na kwamba alikuwa amemrithisha mwanawe mkosi huo, naye akanipa mimi. Ndiyo maana alikuwa kimya watu walipokuwa wakinisema. Nilimpenda siku ile, na kabla ya hapo nilikuwa namheshimu tu.

Kesho yake alinifuata kliniki bila kuniambia sababu. Alisimama mbele ya nesi na fimbo yake, akaongea naye mwenyewe kwa Kiswahili chake.

“Mimi mzee nikikula hii dawa, nakufa?”

“Hapana, Ata. Haitakudhuru.”

“Basi nipe.”

Nesi alinigeukia nimweleze, nikainua mabega. Alimpa.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe wangu alijipaka mafuta, akavaa shanga zake zote, akaenda mferejini saa ile ambapo foleni ni ndefu na wanaume wananywesha mbuzi kwenye birika. Yule baba wa msichana alikuwepo, na binti yake alikuwa kwenye foleni, ameinamisha kichwa kama alivyozoea tangu siku ya shauri. Ajuza wangu hakumpungia mtu mkono. Alikinga maji kwenye kibuyu, akainua kidonge cha manjano kwa vidole viwili ili kila mtu akione, akakiweka ulimini, akanywa. Kisha akamwendea yule baba.

“Mwanangu,” alimwambia kwa Kiturkana, sauti yake ikifika mwisho wa foleni, “na mimi nimeonekana na dawa. Nitafutie mwanamume aliyenitia mimba. Nataka ngamia wangu.”

Mwanamke mmoja aliweka mtungi wake chini kwa sababu hakuweza kuushika kwa kicheko, na kicheko hicho kikapita foleni nzima hadi kwa wanaume wa mbuzi. Yule baba aligeuza uso, lakini nilimwona pembe ya mdomo ikimponyoka. Mama mkwe wangu yeye hakucheka. Alimshika binti yule mkono, akamwekea kidonge kiganjani mbele ya baba yake, akasimama pale mpaka msichana alipokimeza. Shauri la faini halikutajwa tena, na tumbo la msichana likabaki bapa kama lilivyokuwa.

Tangu siku hiyo alikwenda kila asubuhi. Vikongwe wenzake, ambao hawakutaka aonekane peke yake, nao wakaanza kumfuata nesi wakidai vyao, wakavimeza kwa maringo pale pale mferejini, wakilinganisha ladha na tumbaku. Nesi aliguna kwamba dawa itamwishia kwa watu waliokwisha kukoma uzazi, lakini hakuwanyima, kwa sababu aliona walichokuwa wakifanya. Kidonge kikimezwa na kila mtu hakimtangazi mtu yeyote. Wasichana walirudi. Leo mama mkwe wangu ni marehemu, na mimi niliyekoma uzazi bado napita mferejini asubuhi na kidonge changu, nikihakikisha nimeonekana.

Mwaka uliofuata nilipata mimba. Sikuitaja, na yeye hakuitaja. Alinibadilishia tu mahali pa kulala, akaniondoa upande wa upepo, na akaanza kununua kudra kwa wale wanawake wa kambi na kuila pamoja nami, akikunja uso kila tonge. Mume wangu aliendesha gari lake na hakuuliza. Miezi yote ile nilimeza kidonge kwa imani, na kila baada ya kumeza imani ilinitoka. Nilikumbuka maneno ya nesi, kwamba dawa hupunguza na haizuii yote. Mchana nilipokuwa peke yangu niliweka kiganja tumboni nikijaribu kujua upande upi ni mgongo. Nilikuwa na hofu ambayo hata sasa siwezi kuisimulia yote, na kwa kuwa mila haikuniruhusu kumtaja mtoto, sikuweza kuitaja hata hiyo hofu.

Uchungu ulinishika asubuhi, na mtoto akazaliwa kwenye kliniki ile ile saa ambazo jua liko utosini, mabati yakilia kwa joto. Nesi alimpokea. Mtoto alilia. Nami nilifumba macho, kwa sababu hata yule wa kwanza alilia vizuri.

Nilisikia mama mkwe wangu akimwomba nesi ampe. Hakuuliza ni wa kiume au wa kike. Nilipofumbua macho alikuwa amemlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, bado ana damu, na alikuwa akiushusha uti wa mgongo kwa kidole gumba, kifundo kwa kifundo, kutoka shingoni hadi kiunoni. Alifika mwisho. Akarudi juu, akaanza upya, polepole zaidi. Nesi hakumharakisha.

“Umefungwa,” alisema.

Kisha akalia, yule mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia, na machozi yakamdondokea mtoto mgongoni, naye akayapangusa kwa kiganja. Nilinyoosha mikono. Niliupitisha mkono wangu pale kiunoni, nikakuta ngozi, ngozi tupu, ya joto, nzima. Nilimkumbatia kifuani kwa namna niliyoizoea, kiganja kikiwa mbali na mgongo wake, kwa kuwa hiyo ndiyo namna pekee niliyokuwa nimejifunza.

Mama mkwe wangu aliuona mkono huo. Akatandika shuka yake kwenye kitanda kando yangu, akailainisha.

“Mlaze chali,” aliniambia.

Nikamlaza. Mtoto alinyoosha miguu yake yote miwili, akaikunja, akalala.